Dawa Yenye Hatari: Tumpe Mtoto au Tumnyime?



Katika masomo ya amri ya tano mwalimu amewafundisha ya kwamba uzima si mali yetu, bali ni amana tuliyowekewa na Mungu. Aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuiharibu; tena hana ruhusa ya kuiacha iharibike mbele ya macho yake. Maneno hayo ni mepesi kuyakariri. Lakini ziko siku ambapo njia zote mbili zaonekana kuwa na hatari, na mtu hajui ni ipi iliyo njia ya kuilinda amana ile. Leo twataka kutafakari pamoja swali moja la namna hiyo. Ni swali ambalo wataalamu wa nchi kubwa wameshindana juu yake kwa zaidi ya miaka 20. Nalo limeanza kufika hata vijijini kwetu, kwa sababu dawa zasafiri, na habari za dawa zasafiri upesi kuliko dawa zenyewe.

I. Mfano wa baba wawili

Tutwae mfano. Baba mmoja alikuwa na binti wa miaka 16. Binti huyo alikuwa mchangamfu, mwenye kuimba kisimani na kanisani. Kisha akaanza kunyamaza. Kwa muda wa miezi miwili hakula vizuri, hakulala usiku, wala hakwenda tena kuteka maji pamoja na wenzake. Alisema, "Mimi ni mzigo kwenu. Ingefaa nisiwepo." Majirani wengine walisema ni uvivu, wengine walinong'ona habari za uchawi. Mwishowe baba yake akampandisha kwenye baiskeli, akampeleka hospitali ya mjini. Daktari akamsikiliza kwa muda mrefu, akampa vidonge, akamwambia baba amrudishe baada ya juma moja.

Kabla juma halijaisha, akaja mtoto wa kaka yake kutoka mjini, kijana aliyesoma. Alipoviona vile vidonge akasema, "Baba mdogo, je, hukuambiwa? Kule Marekani dawa hizi zimeandikiwa onyo ndani ya mstari mweusi, ya kwamba zaweza kuwatia vijana mawazo ya kujiua." Baba yule akaingiwa na hofu kuu. Akavitwaa vidonge vyote, akavitupa chooni, akasema, "Mwanangu hatauawa kwa mkono wangu mwenyewe."

Baba wa pili alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 17, mwenye ugonjwa ule ule. Naye alipewa dawa ile ile. Mwuguzi alikuwa na watu wengi mlangoni, hata hakumweleza neno. Baba akafurahi, akamkabidhi kijana vidonge vyote mkononi, akasema, "Mwanangu, sasa dawa imepatikana, utapona." Kisha akafunga mzigo wake, akaenda zake katika biashara ya samaki kwa muda wa mwezi mzima.

Baba hawa wote wawili wawapenda watoto wao. Ni yupi aliyefanya vema? Msijibu upesi. Kwanza tuujue ugonjwa, kisha tuijue dawa, ndipo tutakapoweza kuhukumu.

II. Ugonjwa wenyewe

Huzuni ya kufiwa si ugonjwa. Mtu aliyempoteza mama yake hulia, na machozi yake ni haki ya mama yake. Lakini iko huzuni nyingine ambayo haina matanga wala haina mwisho. Humkalia mtu kifuani asubuhi hata jioni, majuma na miezi. Humwondolea usingizi, au humfanya alale mchana kutwa. Chakula hakina ladha, kazi haina maana, sala yenyewe yaonekana kama maneno matupu. Mgonjwa hujiona hafai kitu, na mara nyingine hutamani kufa. Ni ugonjwa kama homa ilivyo ugonjwa. Mwenye homa hatumwambii, "Acha kutetemeka", basi na mwenye ugonjwa wa huzuni asiambiwe, "Acha uvivu."

Wengine watasema, "Huo ni ugonjwa wa wazungu." Sivyo. Shirika la Afya Ulimwenguni limehesabu ya kwamba katika mwaka 2021 watu wapata 727,000 duniani walikufa kwa kujiua. Miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo. Na katika kila watu 100 waliokufa hivyo, 73 walikuwa wa nchi zenye mapato madogo au ya kati. Si wote waliokuwa na ugonjwa wa huzuni, lakini ugonjwa huo ni mojawapo wa milango mikubwa ya mauti hayo.

Maandiko Matakatifu nayo yaujua uchungu huo. Kumbukeni nabii Elia, mtu shujaa aliyesimama mbele ya wafalme. Ikafika siku akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea wala hakumhesabia kosa. Alimwacha alale, akamtuma malaika wake na mkate na maji, akamwamsha ale, akamwacha alale tena, akamwamsha tena. Kwanza usingizi, chakula, na mwenzi wa kumgusa bega. Mazungumzo ya utume yalikuja baadaye. Anayemtunza mgonjwa wa namna hii amkumbuke malaika yule.

III. Dawa zilivyopatikana

Dawa za ugonjwa huu hazikutafutwa na mtu, zilikutwa njiani. Katika mwaka 1952, katika hospitali moja ya New York, waganga walikuwa wakiwapa wagonjwa wa kifua kikuu dawa mpya iitwayo iproniazidi. Wakashangaa kuona ya kwamba wagonjwa wale walichangamka kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 1957, huko Uswisi, daktari Roland Kuhn alitangaza ya kwamba dawa nyingine, imipramini, ilikuwa imewainua wagonjwa waliolemewa na huzuni kuu. Dawa hizo za kwanza zilisaidia wengi, lakini zilikuwa na ukali wake: mtu akizidisha kipimo, moyo wake wapatwa na hatari. Mwishoni mwa mwaka 1987 serikali ya Marekani iliruhusu dawa ya namna mpya, fluoksetini. Baadaye zikafuata nyingine za ukoo wake. Hizo zilikuwa na hatari ndogo zaidi kwa yule aliyezidisha, kwa hiyo zikaenea upesi, wakapewa watu wazima na vijana pia.

Hapo ndipo twapaswa kusimama kidogo. Mwili wa kijana si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa urefu. Ubongo wake ungali ukijengwa. Dawa iliyopimwa kwa watu wazima imekwisha kupimwa kwa watu wazima tu. Kuwapa vijana kwa kudhani kwamba "kilichomfaa baba kitamfaa mwana" ni kudhani tu, si kujua.

IV. Onyo la mwaka 2004

Waliokuja kupima, waliona nini? Mwaka 2003 serikali ya Uingereza ilikataza dawa moja, paroksetini, isipewe walio chini ya miaka 18 kwa ajili ya huzuni. Mwaka uliofuata, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilikusanya majaribio 24 ya dawa 9. Waliojaribiwa walikuwa watoto na vijana zaidi ya 4,400. Wengine walipewa dawa yenyewe, wengine vidonge vya kufanana nayo visivyo na dawa ndani, ili iweze kulinganishwa.

Sikilizeni hesabu yake. Katika kila vijana 100 waliopewa vidonge vitupu, wawili walipatwa na mawazo mapya ya kujiua au na matendo ya kuelekea huko. Katika kila vijana 100 waliopewa dawa, walikuwa wanne. Katika majaribio yale yote hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kujiua. Lakini wanne ni mara mbili ya wawili, na idara ile haikuweza kunyamaza. Mwezi wa Oktoba 2004 iliamuru onyo kubwa liandikwe ndani ya mstari mweusi. Mwaka 2007 ilipanua onyo hilo hata kwa vijana wa miaka 18 hadi 24. Iliongeza maneno haya ya maana: kwa watu waliopita umri huo hatari haikuongezeka, kwa wazee wa miaka 65 na zaidi ilipungua, tena, ugonjwa wa huzuni wenyewe, hata pasipo dawa, una hatari ya kumpeleka mtu kujiua.

Kwa nini dawa ya kuinua moyo ilete mawazo ya mauti? Waganga wengi wafikiri hivi. Dawa hii haiponyi siku moja. Yahitaji majuma mawili, manne, hata sita, ndipo huzuni ianze kupungua. Lakini nguvu ya mwili yaweza kurudi kabla ya tumaini. Zaidi ya hayo, wengine hupatwa na wasiwasi mkali: hawawezi kuketi, hawawezi kulala, hasira zawapanda. Mtu mwenye huzuni ile ile ya jana, ambaye leo ana nguvu na hawezi kutulia, yumo katika hatari. Ndiyo maana majuma ya kwanza, na siku ambazo kipimo kinaongezwa au kinapunguzwa, ndizo siku za kukesha.

V. Dhambi ya kuficha

Iko sehemu ya habari hii inayotia uchungu, wala si haki kuiacha. Mwaka 2001 jarida moja la waganga lilitoa taarifa ya jaribio la paroksetini kwa vijana, nayo ilisema ya kwamba dawa hiyo ilifaa na haikudhuru. Waganga wengi waliisadiki, wakaandika dawa. Miaka 14 baadaye, mwaka 2015, wataalamu wengine waliyafungua makaratasi yote ya jaribio lile, wakayahesabu upya. Wakaona ya kwamba dawa haikuwashinda wagonjwa wa vidonge vitupu, na ya kwamba madhara yalikuwa mengi kuliko yalivyotangazwa. Mwaka 2012 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani, mojawapo likiwa kuitangaza dawa hiyo kwa watoto wasioruhusiwa, ikakubali kulipa dola bilioni tatu kwa makosa hayo na mengine.

Amri ya nane yakataza uongo, na amri ya tano yakataza kuua. Tazameni jinsi amri hizi mbili zinavyoshikana mikono. Mwenye kuficha hatari ya dawa hamwibii mgonjwa fedha tu. Amwibia macho yake. Mzazi asiyejua hatari hawezi kukesha, na mtoto asiyelindwa yumo peke yake. Baba yule wa pili, aliyekwenda zake katika biashara ya samaki, hakukosa upendo. Alikosa neno moja ambalo mwenye kujua hakumwambia. Sehemu ya lawama yake imo mikononi mwa wengine.

VI. Hofu nayo yaweza kuua

Lakini ngojeni. Onyo lilipotoka, wazazi wengi waliogopa, na waganga pia. Vijana waliopewa dawa hizi wakapungua. Je, vifo navyo vilipungua? Katika mwaka ule ule wa 2004, vifo vya kujiua vya Wamarekani wa miaka 10 hadi 24 viliongezeka kwa asilimia 8 kupita mwaka wa 2003. Hapo kabla vilikuwa vimepungua kwa miaka mingi, na ongezeko kama hilo la mwaka mmoja halikuwa limeonekana kwa miaka 15. Wataalamu wengine wakapaza sauti: "Tazameni! Onyo ndilo lililowaua, kwa kuwanyima dawa." Wengine wakawajibu: "Onyo lilitoka mwezi wa Oktoba, mwaka ukielekea mwisho, lawezaje kuwa sababu ya vifo vya mwaka mzima?" Wakashindana, na hata leo hawajapatana kabisa.

Hapa pana fundisho kwa ajili yetu. Jambo likitangulia na jingine likifuata, si lazima la kwanza liwe limelizaa la pili. Ni mara ngapi kijijini mtoto ameugua baada ya bibi mmoja kupita mlangoni, nasi tukamshitaki bibi huyo uchawi? Akili iliyo na hofu hupenda sababu iliyo karibu. Mkristu amepaswa kuuliza: "Nimejuaje?" Haifai kuihukumu dawa kama tunavyomhukumu bibi yule, wala haifai kuitetea kwa njia hiyo.

Na liko jaribio jingine la mwaka 2004 ambalo lafaa tulijue. Vijana 439 wa Marekani, wa miaka 12 hadi 17, wenye ugonjwa wa huzuni, waligawanywa kwa mafungu manne. Baada ya majuma 12, wale waliopewa vidonge vitupu, 35 katika kila 100 walikuwa wamepata nafuu kubwa. Wale waliopewa mazungumzo ya kufundishwa kushindana na mawazo mabaya, walikuwa 43. Wale waliopewa fluoksetini peke yake, 61. Na wale waliopewa fluoksetini pamoja na mazungumzo, walikuwa 71. Basi dawa yafaa, na neno lafaa; viwili vikishikana vyafaa zaidi.

VII. Tuhukumuje?

Walimu wa Kanisa tangu zamani wametuachia kanuni ya kutusaidia katika matendo yenye matokeo mawili, moja jema na moja baya. Wasema: tendo lenyewe lisiwe baya; mtendaji akusudie lililo jema tu; jema lisipatikane kwa njia ya lile baya; na jema liwe zito kuliko baya. Mfikirieni mganga mwenye kisu. Akimpasua mama aliyeshindwa kuzaa, amtoa damu na kumtia maumivu. Lakini kisu si dhambi. Mganga akusudia uzima. Uzima hautoki katika maumivu yale. Na uzima wa wawili wapita jeraha la tumbo.

Tuipime dawa yetu kwa kanuni hiyo. Kumpa mgonjwa kidonge si tendo baya. Mzazi akusudia kuponya. Uponyaji hautoki katika wasiwasi wala katika mawazo ya mauti. Kwa hiyo kanuni tatu zimetimia. Yabaki ya nne: je, jema lapita baya? Hapo hakuna jibu moja kwa watoto wote. Kwa kijana mwenye huzuni ndogo, ambaye mazungumzo na matunzo yaweza kumwinua, pengine hatari si halali. Kwa kijana ambaye ugonjwa wamvuta kaburini, kumnyima dawa ndiko kumweka katika hatari iliyo kubwa zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Ulimwenguni laonya ya kwamba katika zahanati za kawaida watoto wa chini ya miaka 12 wasipewe dawa hizi. Kwa vijana wakubwa lataja fluoksetini, si zile dawa za zamani zenye kuudhuru moyo. Basi mwenye kupima ni mganga aliyejifunza, si jirani, wala si muuza dawa wa sokoni.

Tena twaongeza jambo la tano, ambalo latoka katika upendo: anayekubali hatari kwa ajili ya mwingine amepaswa kuipunguza kwa nguvu zake zote. Mganga hampasui mama kisha akaenda kulala. Vivyo hivyo dawa hii haiwi halali kwa kidonge tu. Huwa halali kwa kidonge pamoja na macho ya mzazi.

Sasa twaweza kuwarudia baba wetu wawili. Wa kwanza aliiona hatari ya dawa, hakuiona hatari ya ugonjwa. Alidhani kutotenda si tendo. Kumbe, kutupa dawa ni tendo, na lina matokeo yake. Tena kuikatiza ghafula kwaweza kumtia mgonjwa kizunguzungu, kukosa usingizi na kurudiwa na huzuni. Wa pili aliiona dawa, hakumwona mtoto. Alidhani ya kwamba kidonge chaweza kushika mahali pa baba. Wote wawili walitaka jambo hili limalizike upesi. Lakini ugonjwa huu haumalizwi, huangaliwa siku kwa siku.

VIII. Maswali ya wengine, na majibu

Wengine watasema: "Mkristu amwombe Mungu, kutumia vidonge kwa huzuni ni kukosa imani." Twajibu: Kitabu cha Yoshua bin Sira, mlango wa 38, chatufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyetoa dawa katika ardhi. Tena chatuagiza kusali tuuguapo. Havipingani. Watawa wa shirika la Frères de la Charité wawauguza wagonjwa wa akili huko Ndera katika Rwanda na huko Bukavu. Katika nyumba zao mna kanisa, mna na sanduku la dawa.

Wengine watauliza: "Nikimwuliza mtoto kama awaza kujiua, je, sitamfundisha jambo asilolijua?" La. Waganga wamethibitisha ya kwamba kuuliza kwa upole hakupandi wazo hilo. Mara nyingi mgonjwa hupumua, kwa maana amepata wa kumshirikisha mzigo alioubeba peke yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Tumsaidie asifiche.

Wengine, wenye machozi, watauliza: "Na ndugu yetu aliyekwisha kujiua, je, amepotea?" Kanisa lafundisha ya kwamba kujiua ni kosa zito kinyume cha Mungu mwenye uzima. Lakini Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yaeleza waziwazi ya kwamba ugonjwa mzito wa akili, uchungu mkubwa au hofu kuu hupunguza lawama ya mtu. Nayo yatuagiza tusikate tamaa juu ya wokovu wa mtu kama huyo, kwa kuwa Mungu anazo njia azijuazo mwenyewe. Basi tumwombee, tusimtukane, wala tusiwatenge jamaa zake. Mama aliyefiwa namna hiyo anabeba msalaba tayari, tusimwongezee jiwe.

IX. Mwenye mgonjwa afanye nini?

Kama kijana wako amepewa dawa hii, shika mambo haya. Mwulize mganga, mbele ya kijana: yafaa nini, yadhuru nini, turudi lini? Ni haki yako kuuliza, na ni wajibu wake kujibu. Vidonge vikae kwako, si kwa kijana; umpe mwenyewe kila siku. Majuma ya kwanza asilale peke yake wala asishinde peke yake. Uone kama hawezi kutulia, kama amekosa usingizi kuliko kwanza, kama hasira zimezidi, kama agawa vitu vyake au asema maneno ya kuaga. Ukiona hayo, mrudishe hospitali siku ile ile, hata kama ni mbali. Sumu za shamba na dawa zote za nyumbani uzifungie, au uzipeleke kwa jirani mwaminifu. Dawa usiikatize wewe mwenyewe. Mganga ndiye ataipunguza kidogo kidogo. Zaidi ya yote, keti naye. Usimhubirie kila saa. Menyeni muhogo pamoja, tembeeni hadi mtoni, mwache anyamaze akitaka kunyamaza.

Na wewe kijana unayesoma haya huku moyo wako ukiwa mzito: wewe si mzigo. Sauti inayokuambia hivyo ni sauti ya ugonjwa, nao ni ugonjwa wenye dawa. Mwambie mtu mmoja leo, usingoje kesho: mama yako, katekista, mwuguzi, au padri. Umwambie kwa maneno mafupi, "Nawaza kufa. Usiniache peke yangu."

Tumalize mfano wetu. Baba wa kwanza hakulala usiku ule. Kabla ya jua kuchomoza alimsikia binti yake akilia kwa sauti ndogo, akaelewa ya kwamba kuvitupa vidonge hakukuutupa ugonjwa. Akaitwaa baiskeli tena, akarudi naye hospitali, akasema, "Daktari, nimetupa dawa yako, kwa sababu niliogopa." Daktari hakumkasirikia. Alisema, "Ulikuwa na haki ya kuogopa, kosa ni langu, sikukuambia yote." Wakaanza upya, na tangu siku hiyo mama alilala chumba kimoja na binti yake. Baba wa pili aliitwa kutoka ziwani na jirani mmoja mjane, aliyemwona kijana akizungukazunguka uani usiku wa manane, akatoka nje, akamwuliza, akaambiwa ukweli, akakaa naye hadi asubuhi. Mjane huyo hakujua kusoma maandishi ya dawa yoyote. Lakini alikesha.

Ndugu wapenzi, katika mfano huu nani aliyeilinda amana ya Mungu? Mjibu ninyi wenyewe, kila mtu nyumbani mwake.

Maswali ya kutafakari pamoja na mwalimu

1. Kwa nini kutotenda kwaweza kuwa kosa sawa na kutenda?
2. Ni nani aliyekosa katika habari ya baba wa pili: baba, mwuguzi, au wote wawili? Toa sababu.
3. Je, katika kijiji chetu yuko mtu ambaye tumemwita mvivu au mchawi, kumbe yeye ni mgonjwa? Tumfanyie nini juma hili?